Saa ya Midi ya Mzee Pontien

Tumekuja kumsindikiza Pontien Barankenyereye, mume wa Daphrose, baba yetu sisi watoto watatu, na kwa miaka kumi na mitano mwandishi wa saa katika kiwanda cha sabuni.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 mkoani Kayanza, mtoto wa nne wa Rénovat, mpiga kengele wa parokia. Alipenda kusema kwamba aliijua saa kabla ya kujua kusoma, maana baba yake alikuwa akimtuma nje kutazama kivuli cha ukuta wa kanisa kimefika wapi.

Alisoma hukohuko hadi mwaka wa nne wa sekondari. Mwaka 1979 karo ilikosekana, akarudi shambani. Hesabu hakuiacha.

Mwaka 1982 alishuka Bujumbura, akapanga chumba mtaa wa Jabe, akaanza kubeba magunia kiwandani. Tarehe 25 Agosti 1990 alifunga ndoa na Daphrose, wakahamia mtaa wa Nyakabiga, nyumba ambayo hawakuihama tena.

Mwishoni mwa mwaka 2006 alikabidhiwa daftari la mahudhurio. Wafanyakazi walilipwa kwa saa, na mkataba wa kiwanda ulitaka kila siku ihesabiwe peke yake: saa nane kwa malipo ya kawaida, kila inayozidi kwa malipo ya saa moja na nusu. Aliyefanya saa kumi Jumatatu na sita Jumanne alidai mbili za ziada, hata kama zote pamoja ni kumi na sita. Wakubwa walipotaka kuzichanganya, marehemu alijibu, "Jumanne haimezi ya Jumatatu."

Lakini yeye mwenyewe alikosea. Katika Ramadhani ya 2008, Adija wa mashine ya kukata sabuni alimsimamisha mlangoni, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Papa Astère, ile saa ya midi unaikata juu ya nini?"

"Ni ya kula, Adija. Watu wote nawakata."

"Kula? Mi nafunga! Midi niko ku mashine. We ulisikia wapi mutu anafunga halafu anakatwa chakula?"

Wanawake waliokuwa nyuma yake walicheka. Marehemu hakucheka. Waliofunga waliingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi alasiri bila kupumzika. Hizo ni saa tisa. Yeye, kwa mazoea, alikuwa akikata ile ya midi, saa ya mchana ya kula, na kuandika nane, na saa ya ziada ikapotea kila siku. Alifungua daftari la mwaka uliotangulia, akakuta hivyohivyo. Watu kumi na mmoja, Ramadhani mbili.

Alikuwa na watoto watatu shuleni, na mlangoni kwa mkurugenzi hawakukosekana watu wa kuomba nafasi yake. Alienda hata hivyo, na madaftari mawili kwapani.

"Pontien, we mwenyewe uliandika, we mwenyewe unabomoa?"

"Ndiyo, patron. Mwenye kukosa ni mi. Wao apana."

Wale kumi na mmoja walilipwa. Yeye alisimamishwa wiki mbili bila malipo. Jioni ya kwanza Adija alibisha hodi Nyakabiga na sahani ya futari, na jioni zote zilizofuata mmoja wao alikuja. Mama hakurudisha sahani tupu hata moja. Astère alizoea tende kiasi kwamba alilia siku baba aliporudi kazini na sahani zikakoma.

Tangu hapo daftari lilikuwa na safu mpya, ya midi, na marehemu hakuijaza kabla ya kumuuliza mtu mwenyewe. Alistaafu mwaka 2021.

Figo zilianza kumsumbua mwaka uliofuata. Alivumilia bila kelele, akisoma na kuwachekesha waliokuja kumwona. Siku ya mwisho hospitalini alimuuliza muuguzi, Jovithe, "Mwanangu, uliingia jana asubuhi. Wamekuandika?" Jovithe akamwambia, "Lala, Papa. Wameniandika zote." Akafumba macho ameridhika. Alituacha Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa sita mchana.

Ameacha mjane wake Daphrose, sisi watoto wake Astère, Orlane na Divin, wajukuu wawili, dada yake Elsa, na Adija, ambaye kwa miaka kumi na saba mama amemwita wifi.

Saa zake zimetimia, na zimezidi. Apumzike kwa amani, na pumziko hili asikatwe na mtu.