Kumuaga Theonest, Aliyekatazwa Kutusaidia

Mheshimiwa Bwana Liwali, Bwana Hashil, karani wa ofisi ya pasi, walimu wa chuo cha ufundi mliokubali kujaza viatu vyenu mchanga wa Temeke, mashehe na wazee wa mtaa, akina mama mlioko jikoni mnaonisikiliza kwa sikio moja, majirani, na wewe Theonest, tuliyekukalisha pale mbele kama bwana harusi asiye na bibi: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni Mwinjuma, karani wa ghala bandarini, mwenye nyumba aliyokaa kijana huyu. Sikuchaguliwa kusema kwa sababu ya ufasaha. Mke wangu Mwanaheri ndiye aliyestahili kusimama hapa, ila alisema yeye akisimama atalia, na mie nikisimama watu watacheka, na katika hayo mawili akachagua.

Theonest alitoka Usumbura, kwa jirani zetu walio chini ya Wabelgiji, mwaka 1951, akaja kujifunza useremala. Serikali ikampa pasi ya mwanafunzi, na pasi ikaja na sharti lake: nje ya chuo asifanye kazi yoyote, kwa ujira au bila ujira, isipokuwa shughuli za nyumbani katika nyumba anayokaa. Akivunja sharti, pasi inafutwa, naye anapandishwa treni bila hati ya kufuzu.

Mheshimiwa, sharti hilo mie silitukani. Liliwekwa ili fundi wa hapa asinyang'anywe riziki yake na mgeni, na jambo hilo ni la haki. Lakini hayo maneno "au bila ujira" yalinisumbua. Kumkunia mtu nazi msibani nako ni kazi? Kuhamisha mabenchi ya harusi? Nikafunga safari hadi ofisini kuuliza, na Bwana Hashil, huyo hapo anayejitazama vidole, akanitazama juu ya miwani.

"Mwinjuma, kwani kwenu Temeke nazi hujikuna zenyewe?"

"Hapana, bwana."

"Basi ni kazi."

Nikarudi nikawatangazia mtaa mzima. Na ninyi majirani zangu, ambao nikitangaza mchango hamnisikii, siku ile mlinisikia wote! Mkamlinda kijana huyu kama yai. Kwenye harusi ya binti wa Nassibu alishika benchi, watu wakamrukia: "Weka chini, Usumbura, weka! Unataka urudishwe kwenu?" Akaweka. Msibani akainua ndoo, mama mmoja akampokonya: "Kaa, baba, kaa." Akakaa. Wageni kutoka Mbagala wakauliza: "Nani huyo anayekaa kama mkaguzi?" Wakasema ana maringo.

Nawauliza, waheshimiwa: mmewahi kukaa kitako huku kila mtu ana shughuli yake? Sisemi siku moja, maana siku moja ni raha, hata mie naiombaga. Nasema miaka. Mtaani kwetu mtu hujulikana kwa alichoshika: huyu ndiye hupika wali wa shughuli, yule ndiye huchimba kaburi, mie ndiye hutoa amri nikiwa nimekaa. Theonest hakuruhusiwa kushika kitu, kwa hiyo hakuwa mtu wa jambo lolote. Alifagia uwanja wetu, akaufagia tena ulipokuwa safi, akifika kwenye uzio wa makuti anasimama. Jumapili alikwenda kanisani peke yake, akarudi peke yake, akaketi barazani na mikono juu ya magoti. Mikono ya seremala ikikosa kazi haijui iwekwe wapi. Nilikuwa nikiitazama, naona haya kuitazama.

Ng'ambo ya uzio ule anakaa Bi Chausiku, mjane wa marehemu Mfaume. Mlango wake wa mbele ulikuwa umening'inia kwa bawaba moja tangu mumewe alipofariki. Upepo ukivuma, mlango unajibamiza. Kila jioni mama yule aliufunga kwa kamba, kama mtu anayefunga mbuzi, kisha akakaa ndani akisikiliza kama kamba imekatika. Na huku kwetu Theonest alikuwa akisikiliza mlango uleule.

"Baba," akaniambia, "ule mlango unataka bawaba moja tu."

"Mwanangu, mlango ule utakufikisha Usumbura kabla ya hati yako."

Hakuuliza tena. Ila kila ulipojibamiza, nilimwona akifumba macho.

Basi asubuhi moja Mwanaheri akatoka nje, akamkuta Bi Chausiku na panga, anakata kamba za uzio, makuti yanaanguka.

"Bibi wee, una nini leo?"

"Si wamesema nyumba anayokaa? Basi iwe moja. Tangu leo nakaa kwa Mwinjuma."

Mwanaheri akaweka mikono kiunoni. "Karibu, mke mwenza. Ila nakuonya, anakoroma."

"Mie nimemfuata kijana wake. Huyo mzee baki naye."

Hivyo ndivyo nilivyoachwa na wanawake wawili kabla ya chai.

Habari zikafika mjini, na Bwana Hashil akaja. Mheshimiwa Liwali, hapa naomba utazame upande ule kidogo. Bwana Hashil alizunguka uwanja, akatazama nyumba yangu, akatazama ya bibi. "Nyumba moja hii? Mbona ina milango miwili ya mbele?" Bi Chausiku akamjibu, "Kwenu hakuna mlango wa wageni?" Bwana Hashil akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Akasema, "Uzio sikuuona. Nisichokiona siwezi kukiandika." Akaondoka. Bwana Hashil, hatujapata kukushukuru hadharani. Leo tunakushukuru.

Siku ileile Theonest akautia mlango ule bawaba, ukakaa barabara. Bi Chausiku akaufungua, akaufunga, akaufungua, akaufunga, mpaka tukadhani atauharibu upya.

Sasa niulize jambo moja, kisha nikae. Kulikuwa na fundi gani hapa aliyekuwa akiugombea mlango ule? Mtaa huu una nyundo ngapi? Kijana huyu alikatazwa na serikali. Sie tulikatazwa na nani?

Kesho anapanda treni ya Kigoma, na hati yake iko mfukoni. Mmeona kwamba Bi Chausiku hayupo hapa. Nilimfuata asubuhi, akanijibu kwa ndani: "Sherehe ya kumtoa mtoto nyumbani mie siijui. Kuleni." Mlango ulikuwa umefungwa vizuri sana, Theonest, hiyo ni kazi yako, na leo imetushinda sote.

Kwa hiyo wali utangoje. Bwana Hashil, kumfuata mama yako nyumbani kwake ni kazi? Anatikisa kichwa. Haya, inuka, mwanangu. Kagonge. Wewe atakufungulia. Njoo naye mkono kwa mkono, wala usimkimbize. Hakuna hapa mwenye haraka ya kukuaga.

Nanyi mlionivumilia, asanteni kwa kunisikiliza. Tukae, tuwangoje.