Mwanamke Harithi

Mimi si mtu wa kusikiliza maneno ya watu. Basi la Kahama likiondoka tu, nafumba macho na kulala hadi Shinyanga.

Siku hiyo nyuma yangu walikaa akina mama wawili wasiojuana. Mama Nelly, Msukuma wa Nyasubi pale Kahama, alikuwa anaipeleka hospitali miguu yake iliyovimba. "Sukari ninayo mwaka wa nne," alisema, "na sasa daktari anasema figo zinachoka, eti nimerithi kwa baba. Mimi nirithi? Baba alipokufa, ng'ombe wote walikwenda kwa kaka Ngassa. Mwanamke harithi, nikaambiwa. Kumbe figo mbovu narithi!"

Hapo nilikoroma kidogo, kufunika kicheko.

Mama Tahera, Mhindi mwenye duka la vitenge, hakucheka. "Kwetu tulizaliwa wanne, na sote tulipata sukari. Figo ziliwaua wawili. Zangu nzima mpaka leo. Damu ya ukoo haigawi sawa, mwanangu. Huyo kaka yako naye ana sukari?"

"Anayo. Yuko Geita anachimba dhahabu, anajiona chuma."

"Basi mwambie akapime mkojo mapema, kabla miguu haijavimba."

"Nimwambie mie? Alipochukua ng'ombe aliniuliza?"

"Ng'ombe si figo."

"Ni urithi, mama. Wake aule mwenyewe." Lakini nilimsikia akibonyeza simu, kisha akaacha.

Basi likasimama stendi ya Shinyanga.

"Mwambie tu, mama," likanitoka, macho bado nimeyafumba.

Kondakta akagonga kiti changu. "Jamani, aliyekuwa anakoroma ndiye anayejibu!"