Ufunguo wa Pili wa Trekta la Lurujo

Mgeni rasmi, Mama Driwaru, mwenyekiti wa ushirika wetu kutoka Arua, viongozi wa dini, ndugu zetu wakulima mliotoka Ajia kuja kujionea, wanakikundi wenzetu:

KARIBU SHAMBANI
Sisi wakulima wa Lurujo, wenyeji pamoja na wenzetu waliotoka Sudan Kusini, tunakukaribisha kwa moyo mweupe. Hatukupiga hema kwa sababu tulitaka uone udongo. Viatu vikichafuka, utatusamehe.

TULIKOTOKA
Mwaka juzi ushirika ulituazima trekta pamoja na ripa, lile jembe lenye meno marefu ya kuchana ardhi ngumu bila kuigeuza. Tulifurahi mno, ila hatukujua kulitumia. Meno yalipokataa kuzama, tuliwapandisha watu juu ya fremu wawe uzito. Mzee Adrabo aligombewa na kila shamba kwa sababu ya tumbo lake, naye akajivuna kweli. Siku alipoteleza, meno yalimkosakosa. Ndipo dereva wetu Scovia alipoinama, akaona ncha zimekuwa butu na ripa imelala upande mmoja.

TULIYOYAFANYA
Sasa hakuna anayepanda ripa, hata Mzee Adrabo akiomba. Kabla ya kazi tunaisawazisha fremu, tunakaza nati, tunapaka grisi na kubadilisha ncha zilizokwisha. Ripa ikiinuliwa tunaiegemeza juu ya stendi za chuma. Na yeyote anayeingia chini yake huvaa ufunguo wa trekta shingoni, hata kama ni kwa nati moja. Mahindi yetu yalistahimili jua mwaka huu, na tunajisifu bila haya.

LINALOTUUMA
Msimu uliopita Pitia, fundi wetu, alikuwa chini ya ripa, ufunguo shingoni. Msimamizi wa ushirika akafika na ufunguo wa akiba kutoka ofisini. Aliona trekta limeziba njia, akaliwasha alisogeze. Hakuwa na nia mbaya, ila hakuuliza. Ripa iliteleza kwenye stendi ikamvunja Pitia mguu. Tulipomtoa alijishika kifuani, akasema, "Funguo iko hapa na mimi. Sasa hii mutu amewasha na gani?"

Tuliona aibu. Mguu umepona. Lakini mkewe, Susana, huacha shamba lake kila Pitia anapoingia chini ya ripa, na kuja kusimama mlinzi.

OMBI LETU
Hatuombi trekta jingine wala mbegu. Tunaomba ufunguo wa akiba ukae hapa Lurujo, ili anayeingia chini avae funguo zote mbili.

Tumeambiwa umekuja nao leo, na ratiba inasema utaliwasha trekta baada ya risala hii. Mama, tunakuomba usiwashe kwanza. Pitia anamalizia ncha ya mwisho. Miguu ile unayoiona chini ya ripa ni yake, na yule aliyesimama kando ni Susana. Mkabidhi Susana ufunguo huo. Pitia akitoka, atavua wa kwake akupe mkononi, nawe utaliwasha sote tukishangilia.

Mungu akurudishe Arua salama, na mvua ikufuate nyuma.

Ni sisi,
Kikundi cha Wakulima wa Ripa, Lurujo, Koboko.