Shetani Hakuipasua Helmeti Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe, lakini leo nawaomba msinipigie makofi. Mlinipigia mara ya kwanza, hapa hapa mbele, nami nikayaamini makofi yenu kuliko macho ya mke wangu. Leo nimekuja na hasira. Nimemwambia mchungaji hivyo, naye akasema, "Njoo nayo."

Kwa wageni, mimi ni Mwakio, mzaliwa wa Mbololo, na ninaendesha boda hapa Voi. Mke wangu ni Mghoi, Mama Righa.

Wenyeji mnaikumbuka ajali yangu ya kwanza. Nilikuwa peke yangu, natoka Miasenyi asubuhi, lori lililokuwa mbele yangu likapasuka gurudumu. Kipande cha mpira kikanijia, pikipiki ikanitupa, kichwa kikagonga jiwe la kando ya barabara. Nikaamka. Nikajipapasa: hakuna damu! Helmeti ilikuwa na ufa upande wa kushoto, mfupi kuliko kidole changu.

Jumapili ile mliiweka helmeti juu ya meza hii. Mzee mmoja akainyanyua, mkapiga vigelegele, mkaiita helmeti ya muujiza. Nililia machozi ya furaha. Na sikatai, Mungu aliniokoa! Lakini ndugu zangu, helmeti ile ilikuwa imemaliza kazi yake. Ililipokea jiwe badala ya fuvu langu, ikafa. Ilitakiwa kutupwa siku ile ile. Mimi nikafanya nini? Nikanunua stika imeandikwa "Yesu Ananilinda," nikaibandika juu ya ufa.

Stika! Jina la Bwana nikalifanya kiraka!

Mghoi alijua kabla yangu kwamba imekufa. Siku moja alitoa kile kitambaa cha ndani akifue, maana kilikuwa kinanuka jasho. Akaniita uani.

"Baba Righa, hebu weka kidole hapa."

Ndani ya helmeti kuna povu gumu jeupe, kama lile linalokuja na televisheni mpya kwenye katoni. Upande wa kushoto lilikuwa limebonyea na kupasuka. Kidole kilizama.

"Hii haiwezi kukusaidia tena," akasema. "Hata mkanda wa kidevuni umeanza kulika. Nunua nyingine."

"Mama Righa, hii Mungu ameshaijaribu. Unataka niitupe baraka?"

"Mungu alikuokoa wewe au plastiki?"

Nilimkemea. Nilimwambia hana imani. Mwanamke anayeamka kuniombea kabla sijawasha pikipiki, nikamwambia hana imani! Nikija kwenye steji ya boda, vijana wakiniuliza kuhusu ile stika, nawasimulia muujiza. Na wengine wenu hapa mlikuwa mkipanda nyuma yangu, mnaigusa ile stika, mnasema amina. Hakuna hata mmoja aliyeniambia, "Mwakio, tupa hii takataka." Hakuna!

Ikafika siku ya kumtembelea mama mkwe wangu kule Marungu. Mchana mweupe, barabara kavu. Nilikuwa na helmeti mbili: yangu, na ya abiria, ya kawaida tu, haikuwa na miezi mingi na haikuwahi kuanguka. Nikafikiri nampa mke wangu heshima.

"Vaa hii yangu," nikamwambia. "Ndiyo yenye nguvu."

Aliniangalia. Akaivaa, kwa sababu mama yake alikuwa anangoja na hakutaka tugombane mbele ya majirani.

Mbuzi alitoka kichakani. Sikuwa nakimbia, ndugu zangu, nilikuwa nakwenda mwendo wa kupita shimo. Nikafunga breki, gurudumu likateleza kwenye changarawe, tukaanguka sote upande mmoja, upande wa kushoto. Mimi niliamka na mikwaruzo kwenye kiwiko. Mghoi hakuamka. Helmeti ilikuwa imefunguka kama ganda la nazi, mkanda umekatika, na ile stika imechanika katikati.

Hospitalini alilala siku tisa bila kufumbua macho. Nilikuwa nimebeba vipande vya helmeti kwenye gunia, sijui kwa nini. Daktari mmoja mama, mtu mzima, akaomba kuviona. Akaligusa lile povu.

"Hii ilikuwa na ajali nyingine kabla ya hii?"

"Ndiyo, daktari."

"Na ukampa mke wako?"

 Akaniambia bila kupandisha sauti: povu hili hukubali pigo moja tu. Likishabonyea halirudi, hata kama nje kunang'aa. Alinirudishia kipande mkononi, akaenda kwa wagonjwa wengine.

Halafu mkaja nyinyi. Nawapenda, lakini nitasema! Mlikuja wodini mkasema, "Adui amekushambulia." Mkamkemea Shetani juu ya kitanda cha mke wangu. Ndugu zangu, Shetani hakuwa kwenye barabara ya Marungu. Palikuwa na mbuzi, na palikuwa na Mwakio. Msimsingizie Shetani kazi ya mikono yangu! Na mmoja wenu, Mungu amsamehe, akaniuliza kama ile helmeti inaweza kurudishwa kanisani, maana Mghoi anapumua bado, kwa hiyo ni muujiza wa pili.

Nilitoka nje nikamfokea Mungu. Nilimwuliza mbona hakuniambia. Nilifoka mpaka askari wa getini akanisogelea, akaniambia, "Mzee, keti chini."

Siku ya kumi Mghoi alifumbua macho. Alimjua mama yake. Mimi alinitazama muda mrefu, midomo inahangaika kutafuta maneno. Nikasogeza sikio.

"Nilikwambia," akasema.

Hapo ndipo nilipookoka, ndugu zangu. Nilikuwa nimebatizwa, naimba kwaya, natoa zaka, lakini kuokoka ni siku ile. Mungu alikuwa ameshaniambia! Alisema uani kwangu, kwa sauti ya mke wangu, kidole changu kikiwa ndani ya tundu. Nikapiga magoti kando ya kitanda, sikuomba muujiza. Niliomba msamaha, kwake kwanza.

Nikarudi nyumbani nikavikata vile vipande kwa msumeno. Kuna mtu alikuwa ameniomba aviunganishe kwa gundi, apake rangi, auze. Auze! Nilikata mpaka mkono ukapata malengelenge.

Sasa sikieni. Mungu ni mwaminifu, namshukuru, mke wangu yuko hai. Mtumainini! Lakini kumtumaini si kumjaribu. Ibada ikiisha, nataka kila mwenye pikipiki ageuze helmeti yake hapa nje. Toeni kitambaa, bonyezeni. Vuteni mkanda. Iliyoanguka kwa kishindo, hata ikiwa inameta, itupwe. Iliyochakaa kwa miaka ya jua na jasho, inayocheza kichwani kama sufuria, itupwe pia, na ivunjwe kwanza ili maskini mwingine asiiokote. Asiyekuwa na uwezo wa nyingine aniambie, tutachanga, badala ya kuchanga baadaye kwa ajili ya hospitali. Na kama mkeo, mama yako au binti yako anakwambia kitu kimeharibika, nyamaza umsikilize!

Mghoi yuko pale benchi la tatu. Ameomba awasalimie mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali. Maneno yake huja polepole, na mengine hupotea njiani. Msimsaidie. Msimmalizie sentensi, wala msiseme amina kabla hajafika mwisho.

Mama Righa, njoo. Tunakusikiliza.