Nyumba Nzuri ya Choo Kimoja

Bwana Yesu apewe sifa, na wale wa nyuma mnisaidie, apewe tena! Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kushika maikrofoni. Kazi yangu ni kiwandani hapa Thika, na huko mashine ndizo huongea. Lakini leo nisiposema nitapasuka. Ndugu zangu, nusura nimuue mama mkwe wangu, na silaha niliyotumia ilikuwa nyumba nzuri.

Mama ya mke wangu Wanjiru, ambaye sisi sote tunamwita Cucu, yaani nyanya, kama watoto wanavyomwita, alianza kusumbuliwa na kiuno. Huko shambani alikuwa akikaa peke yake. Tukasema hapana, aje tuishi naye mpaka mwisho. Tukaanza kutafuta nyumba, si ya kulala tu, nyumba ya kukaa miaka. Na tulitafuta na maombi! Wanjiru huuza nguo soko la Ruiru, tukaona ni huko. Tuliuliza kila swali. Maji iko? Iko. Stima? Iko. Shule ni karibu? Ni hapo tu. Kuna ngazi? Hakuna, ni chini kabisa, Cucu hatapanda hata kidato kimoja. Vyumba vitatu, vigae kila mahali, unajiona uso sakafuni. Choo ni cha ndani, kimoja, katikati ya nyumba, mlango wake unatazama mlango wa chumba changu. Nikachukua funguo nikitabasamu.

Mwanzo mambo yalikuwa sawa. Kisha kiwanda kikanibadilishia shifti, nikawekwa ya usiku. Sasa mchana niko nyumbani. Wanjiru ameenda sokoni, watoto wako shule, tumebaki mimi na Cucu. Nikasema mama huyu asikae mpweke. Nikawa nalala kidogo tu, naamka, naketi naye sebuleni. Namwekea chai, haigusi. Namwekea maji, anayasogeza kando.

"Nimetosheka, baba ya watoto," ananiambia, macho chini.

Nikafikiri nini? Nikafikiri anafunga! Ndugu zangu, mnakumbuka nilisimama hapa hapa nikawaambia Mungu amenipa mama wa maombi, mwanamke asiyeonja hata maji mpaka jioni? Mlipiga makofi! Mama mchungaji alitaka aje awafundishe akina mama kufunga! Na Cucu mwenyewe alikuwa ameketi hapo benchi ya mbele, ameinamisha kichwa. Tukasema, tazama unyenyekevu.

Ai! Unyenyekevu gani!

Jumamosi moja asubuhi akaanguka jikoni. Midomo imekauka, macho yameingia ndani, anamwita Wanjiru kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akampima, akatuangalia vibaya, akauliza kama mama huyu tunamnyima maji. Mimi! Kumnyima maji! Akasema figo zinaanza kukataa kazi, mkojo hautoki, na kwa umri wake tujitayarishe kwa lolote. Ngai, Mungu wangu!

Wanjiru alibaki naye nyuma ya pazia, wakiongea Kikuyu polepole. Akatoka amefunika mdomo kwa leso. Nikajua basi, amekufa. Kumbe hapana. Akaniambia, "Baba Njoki, mama anasema hawezi kuingia choo ukiwa kwa nyumba."

Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Nyinyi wa makabila mengine, mnisikilize. Kwetu mkwe anaitwa muthoni, na neno hilo ndani yake kuna thoni, yaani haya, aibu. Muthoni ni mtu wa kuonewa haya. Zamani mama mkwe akimwona mkwe wake njiani, aliacha njia akapita vichakani. Sisi watu wa vigae tulidhani hiyo iliisha. Kwa Cucu haikuwa imeisha! Akalie pale nilipokalia mimi? Nimsikie? Afadhali kiu! Kwa hivyo alikuwa akienda chooni kabla sijarudi asubuhi, kisha anafunga mdomo mpaka nitoke jioni. Ndugu zangu, hakuwa anafunga. Alikuwa anabana! Na mimi nimemkalia hapo kama mlinzi wa benki, namhimiza anywe chai!

Nilitoka nje, nikasimama karibu na mapipa ya taka, nikaomba maombi ambayo sijawahi kusikia mtu akiomba. Nilisema, Bwana, wewe uliyetoa maji kwenye mwamba, mfungue mama huyu akojoe. Mnisamehe, tuko kanisani, lakini ndivyo nilivyoomba. Sikuwa na maneno mengine.

Dripu ikaisha, wakaweka nyingine. Halafu nesi akapita akatuambia, bila hata kusimama, kwamba mama amekojoa. Haleluya! Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kunishika! Nimewahi kumshukuru Mungu kwa watoto, kwa kazi, kwa mvua. Kwa mkojo, sijawahi. Siku hiyo niliruka!

Sasa nitamwambiaje Cucu kwamba najua? Mambo kama hayo muthoni haongei na muthoni. Nilirudi Thika kutafuta nyumba. Pale mtaa wa Kiganjo watu walinishangaa, naingia ploti ya mtu na swali langu la kwanza ni choo. Nikapata moja ya zamani, mabati imeshika kutu, sakafu ni simiti tupu. Rafiki yangu alipoiona alidhani nimefutwa kazi. Lakini nyuma ina chumba chenye mlango wake, choo chake, na ukuta mnene. Tukahamia. Asubuhi ya kwanza, nikitoka kazini, nikasikia huko nyuma choo kimevutwa maji. Nilisimama uani na mkate mkononi, nikalia.

Leo Cucu hayuko hapa. Nilimtuma Wanjiru amwombe ruhusa nitoe ushuhuda huu, na jibu likarudi kwamba niseme, ila siku hiyo yeye atabaki nyumbani, na nisiutie chumvi. Sijautia!

Ndugu zangu, ukitafuta nyumba ya kukaa na mzee wako, usimuulize mwenye nyumba peke yake. Muulize mzee. Na kama kwako hawezi kusema, tuma mtu ambaye atamwambia. Mungu wetu anajua haja ambayo mtu anaona haya kuitaja, na alimfikia Cucu wakati sisi tunampigia makofi. Mwamini. Kama kuna mtu hapa anabana jambo, la mwili ama la moyo, aje mbele sasa tumwombee. Njoo tu. Sisi wengine tutafunga macho.