Veronicah Naliaka na Neno Lililokuwa Kano

Marehemu Veronicah Naliaka alizaliwa Kimilili mwaka wa 1970. Hapana, ni 1969. 1970 ni ya kitambulisho, na aliyeiandika hakuuliza mtu. Kaka yake Tobias, anayeusoma wasifu huu, alikuwa darasa la tatu, na ndiye aliyetumwa shambani kumwita baba aache palizi arudi nyumbani. Ndiyo maana mtoto akaitwa Naliaka, yaani aliyezaliwa wakati wa palizi. Alikuwa kitinda mimba wa Mzee Makokha.

Mzee Makokha alikuwa mpigaji wa litungu, kinubi cha kwetu, na nyuzi zake alizitengeneza kwa kano la ng'ombe. Siku moja Naliaka alikata uzi mmoja akafungia mwanasesere wake. Baba hakumchapa. Alimwambia tu, "Sauti uliyokata utaiimba wewe." Basi baba alipokwenda kupiga harusini, mtoto akakaa karibu na litungu harusi nzima, akiimba sauti ileile moja kila ilipohitajika.

Alisomea shule ya msingi na ya upili kulekule nyumbani, na mwaka wa 1990 akaja Nairobi, chuo kikuu, kusomea Kifaransa na Kijerumani. Watu wa nyumbani waliuliza ataongea na nani. Kuanzia 1994 alifundisha katika chuo kimoja cha lugha katikati ya jiji, na Jumamosi watoto wa mitaa ya kitajiri, Spring Valley na Kitisuru, majumbani kwao.

Mwaka wa 1996 alifunga ndoa na Bramwel, fundi wa umeme, wakafanya makao Riruta. Walijaliwa Ryan na Nasimiyu.

Wanafunzi wake wanasema alipenda kushika neno moja na kulifuata hadi kwao. Neva, aliwaambia, Wagiriki wa kale waliiita neuron, yaani kano, au kamba ya upinde. Walatini wakasema nervus, kano vilevile. Waliopasua miili wakaona vile vijiuzi vyeupe, wakavipa jina hilohilo. Mfaransa akisema nerf, mpaka leo anaweza kuwa anasema nguvu. Hata Mwingereza, zamani alimwita nervous mtu mkakamavu, aliyejaa misuli. Likageuka baadaye, likawa na maana ya mwoga. "Kumbe baba alikuwa anapiga neva," alimwambia kaka yake siku moja, akacheka mpaka machozi. Wajerumani nao wana Nervensäge, msumeno wa neva, mtu wa kukuchosha kwa maneno. Jina hilo alimpa Tobias, ambaye akianza hadithi hapati pa kushukia. "Msumeno huyo mlangoni," alikuwa akisema. "Ongezeni maji kwa chai, hatutoki leo."

Mwanzoni mwa 2021 kalamu ya ubaoni ilianza kumponyoka. Mkuu wa chuo akamwita. "Madam Naliaka, unatetemeka mbele ya wanafunzi. Hizo ni nerves. Chukua likizo." Aliporudi, darasa lake lilikuwa na mwalimu mwingine.

Alikwenda kliniki moja mjini pamoja na Tobias. Daktari hakumvua hata kiatu. "Mama, hizi ni nerves tu. Punguza mawazo." Akampa vidonge vya usingizi.

Nyumbani neno likafika likiwa woga. Waumini wenzake walikuja kumwekea mikono wamtoe roho ya hofu. Bramwel, kwa mapenzi yake, alimwuliza, "Mama Ryan, ni nini unaogopa?"

"Siogopi kitu, Baba Ryan. Ni mguu hausikii."

Mwaka wa 2023 Bi Jaspreet wa Spring Valley, ambaye Naliaka alikuwa amewafundisha watoto wake, alimwona akipanda ngazi kwa kushika ukuta. Alimpeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Kumbe neva zenyewe ndizo zilizokuwa zikiliwa na ugonjwa, ugonjwa ambao ukishikwa mapema hutulizwa. Daktari alisikitika, akasema mgonjwa amechelewa. Hakuchelewa. Alifika mapema akarudishwa na neno. Yeye mwenyewe, sauti ikiwa imekwisha kupungua, alisema, "Basi yule wa kwanza hakudanganya. Alisema ni neva." Safari hii Tobias hakuweza kucheka naye.

Aliaga dunia nyumbani Riruta, Jumapili tarehe 9 Machi 2025, kifua kikiwa kimekosa nguvu ya kuvuta hewa.

Amewaacha mume wake Bramwel, watoto wake Ryan na Nasimiyu, mjukuu mmoja, na kaka yake. Mungu amlaze mahali pa utulivu, Naliaka wetu. Sauti iliyokatika, tutaiimba sisi.

Baada ya kujua ukweli, Tobias alirudi kliniki ile, akapanga foleni kama mgonjwa, akauliza jambo moja. Daktari aliita anayefuata. Amerudi tena tangu hapo, na hajajibiwa: siku ile uliposema ni nerves tu, daktari, ulikuwa unataja ugonjwa wake, au ulikuwa unamwita dada yangu mwoga?