Bwana Ndoo na Kibonde cha Nne

Wafiwa wenzetu, majirani na nyote mliofika, familia inaomba msikilize maisha ya baba yetu, fundi mitaro, ambaye wengi mlimwita Bwana Ndoo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya bondeni iliyoingiwa na maji kila masika, na huko alijifunza kutomwamini mtu asemaye usijali. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972.

Tarehe 3 Juni 1975 aliajiriwa kibarua wa kuchimba mitaro, akapanda hadi usimamizi, na hakukubali mchoro wowote kabla ya kuchimba shimo, kumwaga ndoo ya maji na kukaa na saa mkononi aone udongo unakunywa kwa muda gani. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na mama yetu, ambaye husema kuwa hata siku ya harusi bwana alitoka mara mbili kukagua mfereji wa paa, wakajaliwa watoto wanne, kitinda mimba akiwa binti.

Mwaka 2022 alisimamia maji ya mvua kwenye ujenzi wa nyumba arobaini mlimani, mkandarasi akataka mtaro mmoja wa zege wa kushusha maji yote, marehemu akakataa, akisema huko ni kumhamishia jirani mvua yako, akachagua vibonde sita, yaani mabonde madogo ya nyasi ya kunywa maji, kando ya barabara na mashimo ya kokoto kwenye kona, ili tone linywewe lilipoangukia.

Tarehe 2 Aprili 2023 kibonde cha nne hakikunywa, maji yakaingia nyumba tatu za bondeni. Marehemu alimshuku dereva wa lori, aliyeonekana akinong'ona na mkandarasi, kwamba alimwaga saruji humo, akasema kikulacho ki nguoni mwako, akamfukuza mbele ya wenzake, na karibu mwaka mzima hakupokea salamu yake.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023. Februari iliyofuata, akiwa kitandani, alimtuma kitinda mimba akatafute hiyo saruji, binti akachimba, hakuona saruji, akakuta chini ya nyasi udongo ulioshindiliwa mgumu kama sakafu, akamweleza baba yake kwa woga. Hapo marehemu akakumbuka kuwa ni yeye aliyeamuru lori lililojaa kokoto lipite pale kazi iishe upesi, na dereva alipomwonya kuwa pataminyika, alimjibu ashike usukani, udongo amwachie mwenyewe. Wanawe walikifukua kibonde na kuulegeza udongo, na mvua za Aprili kikanywa.

Alifariki tarehe 9 Mei 2024, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mliovumilia akihesabu matone ya dripu zenu, majirani wa bondeni, na wafanyakazi wenzake.

Nawe dereva, aliagiza neno hili lisomwe hadharani: hukumwaga saruji, alikusingizia, anakuomba radhi. Leo umeleta mchanga na kokoto za kaburi, ukaegesha lori mbali, kwenye ardhi ngumu, bila kuambiwa na mtu, nasi tumeona.

Baba, kibonde cha nne kinakunywa. Pumzika kwa amani.